Maji ya Chuma

Koti jeupe ndilo lililoniuma kwanza. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nimevaa ovaroli ya buluu katika hospitali ya misheni ya Ngaani, na sikuwahi kulalamika, kwa sababu mimi ni fundi na fundi huchafuka. Kisha mwezi wa tatu mwaka wa 1984 akashuka Ndungu kutoka kwenye gari la makao makuu ya kanisa, kijana wa miaka ishirini na sita kutoka upande wa Kiambu, viatu vimepigwa rangi hadi vinameta. Kabla hajanawa uso, Daktari Mbuvi alikuwa amekwisha kumvisha koti jeupe kama lake mwenyewe. Fundi wa mashine, na koti jeupe. Mimi nilikuwa nimesimama pale na spana mkononi. Nikaiweka chini nikasaidia kushusha sanduku.

Ndani ya sanduku mlikuwa na mashine ya kupima moyo. Ilikuwa ya kwanza kuonekana upande wetu wote, kutoka Wote hadi Kibwezi, na Ndungu alikuwa amesomea kuitumia huko Nairobi.

Nataka ijulikane mimi nilikuwa nani kabla ya sanduku lile. Jenereta ilikuwa yangu. Pampu ya kisima ilikuwa yangu. Zile mashine za presha zenye zebaki, mimi ndiye niliyeichuja zebaki yake ikichafuka, na mpira wa kupulizia ukipasuka nilikata tyubu ya baiskeli nikauziba, na hadi leo hakuna anayejua palipokuwa na tundu. Mizani ya watoto wachanga niliipima kila Jumatatu kwa pakiti ya sukari ya kilo mbili, maana mizani isiyopimwa ni mwongo aliyekaa kimya. Kitu kikiharibika popote, Daktari alitoa kichwa dirishani akaita, "Kiema!" Mara moja tu. Nikisikia jina langu uani hivyo, nilijiona mtu. Baada ya mwezi wa tatu, kichwa kilekile kilitoka dirisha lilelile kikaita, "Ndungu!"

Na yule kijana aliniita mzee. Nilikuwa na miaka arobaini na moja.

Sasa niseme habari ya mama yangu, kwa sababu bila hiyo haya yangekuwa makelele ya mafundi wawili tu. Mama yangu, Syombua, alikaa milimani karibu na Nunguni pamoja na dada yangu Kasyoka. Tangu mwisho wa mwaka uliotangulia alikuwa akianguka. Anachambua maharagwe, mara anakuwa mweupe midomo, anaanguka, na baada ya dakika anaamka akiuliza nani amemwaga maharagwe. Zahanati walimpa vidonge vya kifafa. Alimeza na akaendelea kuanguka. Nilipomweleza Daktari, ilikuwa juma lilelile mashine ilipowekwa, akaniambia nimlete upesi. Kama ni kifafa tutajua, alisema, na kama ni moyo unaosimama na kuanza tutajua pia. Kwa moyo wa aina hiyo kuna msaada Nairobi, wanaweka kimashine kidogo chini ya ngozi cha kuushtua. Lakini lazima kwanza ionekane kwenye karatasi, la sivyo siku moja ataanguka asiamke.

Nikasema nitamleta mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulifika, na mwingine, na mwingine. Nilikuwa na sababu tayari kila mara: barabara, vumbi, jenereta. Sababu yenyewe ilikuwa moja. Miaka yote mama alijua kwamba mtu wa mashine Ngaani ni mwanawe. Sikutaka alazwe kwenye kitanda cha Ndungu, apakwe dawa na Ndungu, kisha arudi Nunguni akawasimulie akina mama wa kanisa jinsi kijana wa Kikuyu alivyousoma moyo wake, na mimi niko nje natia dizeli. Wivu ulikuwa umenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na ningemeza chochote isipokuwa huo.

Daktari, kwa wema wake, aliagiza nifundishwe mashine ile. Ndungu alinifundisha kwa upole, na upole ule ulinichosha kuliko matusi. "Usiiogope, mzee," akaniambia, nami sikuwa nimeiogopa. Alinionyesha vibati vinne vinavyofungwa mikononi na miguuni kwa mkanda wa mpira. Hivyo ndivyo vinavyodaka umeme wa moyo, umeme mdogo mno hata ukiuweka kwenye ulimi huwezi kuusikia. Chini ya kibati unapaka dawa laini, kwa sababu ngozi kavu haipitishi kitu. Kutoka hapo waya unaupeleka umeme kwenye amplifaya, kazi yake ikiwa ni ileile ya amplifaya ya spika za kanisani, kukuza kitu kidogo kiwe kikubwa. Mwisho kuna kalamu yenye ncha ya moto inayoandika kwenye karatasi ya nta inayotembea.

Halafu akanionyesha kitufe kidogo. Kabla ya kila mgonjwa ulikibonyeza, na kilituma ndani umeme wa kipimo kinachojulikana, na kalamu ilipaswa kuruka miraba kumi kamili. Ikiruka tisa, mashine inadanganya. Hapo nilimwelewa kuliko alivyodhani. Kile kitufe kilikuwa pakiti yangu ya sukari.

Kilichobaki kilikuwa nje, chini ya dirisha: chuma kilichopakwa shaba alichokigongomea ardhini karibu mita mbili, kikaunganishwa na mashine kwa waya. Alisema umeme wa jenereta yangu huzurura kwenye kuta na kwenye miili ya watu, na amplifaya haina akili ya kutenganisha jenereta na moyo, inakuza vyote. Ndiyo sababu ule wa kuzurura unahitaji njia ya kukimbilia chini. Lakini udongo mkavu haupokei umeme. Kwa hiyo, akaniambia akiangalia viatu vyake, angehitaji nusu ndoo ya maji na konzi ya chumvi, kila asubuhi, ya kumwagia chuma.

Maji. Mwaka ule. Mvua za vuli zilikuwa zimetudanganya, na za masika hazikujisumbua hata kudanganya. Ng'ombe walikufa wamesimama wakiegemea ua. Kisima cha hospitali kilitoa maji saa mbili kwa siku, na foleni ya akina mama ilianzia kwenye tangi hadi nje ya lango, wengine wametembea tangu alfajiri. Ufunguo wa tangi ulikuwa shingoni mwangu. Mimi ndiye niliyewaambia wanawake wenye watoto mgongoni kwamba ni mtungi mmoja tu. Na huyu wa koti jeupe anataka nusu ndoo akaunyweshe udongo.

Daktari aliamuru nimpe, nikampa. Kila asubuhi Ndungu alichuchumaa pale chini ya dirisha, akanyunyiza chumvi, akamimina polepole maji yapate kuzama, midomo ikicheza kwa sababu alikuwa akihesabu. Foleni nzima ilimtazama. Siku moja Muthoki, mwanamke wa kwaya ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, akaniuliza yule kijana anafanya nini. Alisema babu yake alikuwa akifanya hivyohivyo kwenye ithembo, pale mahali pa kale pa kutambikia, akiwamwagia mizimu. Nilikuwa na jibu. Lingenichukua maneno matano. "Sijui," nikamwambia, "muulizeni mwenyewe." Hawakumwuliza, kama nilivyojua.

Baada ya siku chache habari zilimfikia mchungaji: katika hospitali ya kanisa, mtu anatambika mchana kweupe, tena kwa maji ya watu. Daktari hakutaka ugomvi. Akakata shauri kwamba kazi ya kumwagia chuma niichukue mimi, maana nilikuwa shemasi, na hakuna atakayemshuku shemasi. Ndungu alinikabidhi mkebe wa chumvi kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kumtoa kwenye fedheha.

Nilimwagia siku tatu. Siku ya nne nilikuwa napita nyuma ya chumba cha jenereta na nusu ndoo yangu. Pale ndipo nilipomfunga ndama wangu, wa mwisho kati ya ng'ombe wanne. Aliinua kichwa. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama soli ya kiatu. Huku ndama, kule chuma. Nikainamisha ndoo kwa ndama.

Siku ile nilijiambia ni huruma, na huenda ilikuwa huruma. Lakini kesho yake niliona karatasi ya mgonjwa wa kwanza, na tangu hapo, sitadanganya, haikuwa huruma tena. Mstari ulikuwa umejaa nywele. Badala ya ule mwendo safi wa mlima na bonde, kulikuwa na uzi mnene unaotetemeka, jenereta yangu ikiimba juu ya moyo wa mtu. Ndungu aliukodolea macho. Mimi niliusoma vizuri sana, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha.

Alihangaika. Alisugua vibati kwa mchanga laini hadi vikang'aa. Alibadilisha dawa, akakata ncha za waya akazifunga upya, akafungua amplifaya akapuliza vumbi. Alibonyeza kitufe, na kalamu ikaruka miraba kumi, kamili, kila mara. Mashine haikuwa na kosa, na hilo ndilo lililomtesa. Chini ya dirisha, kwenye chuma, hakwenda kuangalia hata siku moja. Angekwenda kutafuta nini, na shemasi anamwagia kila asubuhi? Kila asubuhi watu waliniona nikipita na ndoo.

Siku ya saba, kichwa kikatoka dirishani. "Kiema!"

Lo, utamu wa siku ile. Niliingia nikifuta mikono. Daktari akaniomba niitazame mashine, pengine jicho la mtu mzima lingeona lililomshinda kijana. Niliinama, nikagongagonga, nikasikiliza, Ndungu akinishikia taa kama mwanafunzi wangu. Kisha nikatikisa kichwa nikasema pengine vifaa hivi vya Nairobi havipatani na vumbi letu. Daktari akashusha pumzi. Jioni aliandika barua kwamba mashine imeshindwa kazi, gari lije Ijumaa liichukue, na Ndungu apangiwe kituo kingine.

Jumatano nilikuta koti jeupe limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, chumba hakina mtu. Niliingiza mkono mmoja. Ulinitosha.

Alhamisi asubuhi lori la mahindi ya manjano ya msaada likasimama langoni, na juu ya magunia nikamwona Kasyoka amemkumbatia mama. Mama alikuwa ameanguka tena, safari hii kwenye mafiga. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa kutoka kiwiko hadi vidole. Nilikimbia kumshusha. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyomkumbuka.

Nikamwuliza Kasyoka mbona hakunitumia habari. "Nimekungoja miezi mitatu," akanijibu. Hakuinua hata sauti.

Daktari alimshika mama mshipa wa mkono akasikiliza. Moyo ulikuwa ukipiga vizuri saa ile. Alisema hiyo ndiyo shida yake, mtu akifika hospitalini anakuwa mzima. Kisha akamtazama Ndungu, na Ndungu akasema hebu tujaribu mara ya mwisho.

Nilisimama mlangoni. Mama alilazwa, Ndungu akampaka dawa mikononi na miguuni, akauruka ule mkono uliofungwa akatafuta mahali pazuri juu ya kiwiko, polepole, akimwomba radhi kwa Kikamba chake kibovu. Mama akacheka. Alisema kijana huyu ana mikono ya mkunga. Hata pale, jamani, mama yangu amelala na mkono umeungua, kitu kilinichoma kifuani kwa sababu ya sifa ile. Kitufe kikabonyezwa: miraba kumi. Kisha kalamu ikaanza kuuandika moyo wa mama yangu, na ukatoka nywele tupu.

Daktari alishika karatasi mbali na macho, akaileta karibu, akaiweka. Akasema hawezi kusoma chochote pale. Akasema wataongeza vidonge vya kifafa na arudi nyumbani, na kama kuna lori la kurudi Nunguni leo, heri. Ndungu alikuwa amevua koti, anafuta vibati upya kwa upindo wa shati lake. Mama aligeuza kichwa akanitazama mimi.

"Kiema," akasema, "si wewe ndiye wa mashine hapa? Mwambie huyu kijana palipoharibika."

Nikatoka mbio. Maji ya asubuhi nilikuwa nimekwisha kuyamimina kwenye karai la ndama, na ndama alikuwa amezamisha pua humo. Nilimnyang'anya. Alinifuata hadi kamba ikamzuia. Nilipita mbele ya foleni nzima, karai kifuani, mkebe wa chumvi kwapani, maji yakinirukia ovaroli, na hakuna mwanamke aliyesema neno kwa sababu hakuna aliyewahi kuniona nikikimbia. Chini ya dirisha nilipiga magoti. Udongo kandokando ya chuma ulikuwa umepasuka kiasi cha kuingiza kidole. Chumvi ikanimwagika yote, mkebe mzima. Nilimimina polepole, nikihesabu kwa midomo ili nisiharakishe, na ardhi ikanywa kwa sauti.

"Hata shemasi," nikasikia Muthoki akisema nyuma yangu. Sikugeuka.

Nilipofika tena mlangoni kalamu ilikuwa bado inatembea. Nywele zilipungua, zikapungua, zikaanguka. Mstari ukatoka safi kama wa mtoto aliyefundishwa kuandika. Pigo, pigo, pigo, kisha nafasi tupu, kisha pigo. Karatasi ikaendelea kutembea, na nafasi nyingine ikaja, ndefu zaidi, na katika nafasi ile mama alifumba macho kidogo akafumbua. Daktari aliinama akahesabu miraba kwa ncha ya kalamu yake. Hakuwa na haja ya kusema, lakini alisema: ni moyo, si kifafa, na aende Nairobi kesho kwa gari lilelile linalokuja.

Kisha akauliza mashine imepona vipi.

Magoti yangu yalikuwa na matope. Ndungu aliyatazama magoti, akanitazama usoni, na nikaona jinsi alivyofika kwenye jibu, hatua kwa hatua, vibati, waya, amplifaya, kalamu, ardhi.

"Udongo ulikuwa umekauka, Daktari," akasema. "Kukagua ni kazi yangu. Kosa ni langu."

Nami nikanyamaza. Nilikuwa na kinywa na ulimi, nikanyamaza. Hata lawama yangu alininyang'anya mbele ya mama yangu, na nikamwonea wivu kwa hiyo pia, kwa jinsi ilivyomkaa vizuri.

Ijumaa gari lilikuja. Mashine ilibaki. Mama na Kasyoka waliketi nyuma, na Ndungu ndiye angewasindikiza, kwa sababu aliwajua watu wa hospitali ile kubwa, naye angerudi baada ya kumfikisha mama wodini. Mimi nisingeweza kwenda, nani angewasha jenereta? Mama alimshika Ndungu mkono kupanda. Nilingoja Ndungu apite upande wa pili wa gari, nikamfuata, nikasema nililokuwa nimelisema peke yangu usiku kucha.

"Yale maji nilimpa ndama. Siku kumi na moja."

"Najua," Ndungu akasema. "Ndama wako peke yake ndiye asiyehesabika mbavu Ngaani hii. Nililifikiria jana."

Nilingoja anitukane. Ningelifurahia tusi, lingetuweka sawa. Badala yake alitoa bahasha mfukoni mwa koti, na ndani mlikuwa na karatasi sita zimekunjwa, zote za nywele.

"Kabla ya mama walipita hawa, mzee," akasema. Safari hii neno mzee halikuniudhi, liliniogopesha. "Tuliwaambia waende, warudi wakizidiwa. Wewe unajua kwao. Mimi sijui."

Akapanda gari.

Nakiri mbele ya Mungu, katika siku zile zote sikuwa nimewafikiria. Nilimwona Ndungu, nikaliona koti, nikaliona dirisha la Daktari. Watu waliolala kitandani pale niliwaona kama unavyoona ukuta ambao umetundikiwa kitu unachokitaka.

Nilikwenda kwa Daktari nikamweleza yote, nimesimama. Alisawazisha kingo za karatasi zile mezani. Alisema ufunguo wa tangi nimwachie yeye, na kazi yangu tutaizungumza nikisharudi na watu sita. Sikuuliza nisiporudi nao itakuwaje. Nilipanda baiskeli.

Wa kwanza na wa pili walikaa karibu, nikawaleta siku hiyohiyo wamngojee Ndungu wodini, mmoja kwenye keria ya baiskeli akinilaumu kwa kila jiwe. Wa tatu alikuwa mwalimu huko Wote, hakutaka kuja, akasema mashine yenu ni ya kuchezea watu, na ilinibidi nimwambie ni mimi niliyeichezea. Akaja ili apate kunitukana njiani. Wa nne mama mjamzito, moyo wake ulikuwa mzima kabisa. Wa tano alikuwa amekwenda kwa mwanawe, nikampata kesho yake. Ndungu alikuwa amerudi, na kila niliyemfikisha alimpima bila kuniuliza kitu. Alinieleza tu kwamba mama amelazwa, kwamba wodi nzima inamjua, na kwamba ameagiza nivae shati safi nikienda kumwona. Asubuhi na mapema nilimkuta akiwa amechuchumaa chini ya dirisha na nusu ndoo. Foleni ilimtazama, na hakuna aliyenong'ona. Muthoki alikuwa amekwisha kupata jambo jingine la kusema, nalo lilikuwa mimi.

Wa sita aliitwa Nzomo. Karatasi iliandikwa miaka hamsini na mbili, mkulima, anachoka akipanda mlima. Boma lake lilikuwa ng'ambo ya Kibwezi, safari ya siku nzima kwa baiskeli. Nilifika jua likianza kulegea. Kando ya nyumba kulikuwa na kaburi, udongo wake haujakauka rangi, na juu yake miiba ya kuzuia fisi.

Daktari aliniambia baadaye kwamba Nzomo huenda angekufa tu, hata karatasi yake ingekuwa safi. Alisema huenda. Sikumwuliza mara ya pili.

Mjane alitoka jikoni. Aliitwa Kaluki, mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa cheusi kichwani. Hakuniuliza mimi ni nani, kwa sababu mgeni hukaribishwa kwanza. Alinipa kigoda, akaingia ndani, nikasikia kata ikikwaruza chini ya mtungi, mkwaruzo ule wa maji yaliyobaki kidogo. Akaja na kikombe cha bati kimejaa pomoni, akanipa kwa mikono miwili, akasimama kungoja ninywe. Kukataa kungekuwa tusi. Nikanywa yote. Yalikuwa ya chumvichumvi.

Alipopokea kikombe aliona bahasha ya hospitali mkononi mwangu, akaona na kalamu niliyokuwa nimeichomeka kifuani kama daktari. Uso wake ukabadilika, ukawa wa upole.

"Wewe ndiye wa ile mashine ya moyo?" akaniuliza. "Marehemu alisema ulihangaika sana naye. Alisema ulijaribu mara tatu."

Tangu mwezi wa tatu nilikuwa nimetamani mtu yeyote aniulize swali lile.

"Huyo ni mwingine, mama," nikasema. "Anaitwa Ndungu. Mimi ni wa maji." Nikamwomba aketi, nikaanza kumweleza, kuanzia kwa ndama.